Matoleo mapya ya vitabu vya safari za reli na barabara: mhariri amefanya kazi, au limebadilishwa jalada tu?

Mleta uzi (Dodoma)

Wanajukwaa, salaam.

Miaka hii wachapishaji wanavitoa upya vitabu vingi vya safari, hasa vya njia zile ambazo majina yake peke yake yanatosha kumfanya msomaji atoe pesa mfukoni: Reli ya Siberia, treni ya Orient Express iliyoanza safari zake kutoka Paris mwaka 1883, barabara ya Route 66 ya Marekani iliyoanzishwa 1926 na inayotimiza miaka 100 mwaka 2026, na kwa upande wetu wa Afrika Mashariki ile reli ya kutoka Mombasa kwenda Uganda, ambayo imeandikiwa vitabu vingi mno wakati Reli ya Kati, ya kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, imeachwa na vichache. Naomba tujadili jambo moja: jalada linaposema kwamba kitabu ni toleo jipya, mnunuzi ana haki ya kudai kitu gani?

Nautanguliza msimamo wangu ili anayetaka kuupinga aupinge mapema. Kwa maoni yangu toleo jipya la kitabu cha safari hupimwa kwa ramani, majina ya mahali, tanbihi na faharasa, yaani kwa kazi ambayo mhariri ameifanya pembeni mwa maandishi yenyewe. Karatasi nzuri na picha ya kichwa cha treni juu ya daraja ni mapambo. Na kwa kipimo hicho, kitabu ambacho msomaji wa Dodoma angenufaika nacho kuliko vingine sijakiona kwenye rafu ya duka lolote hapa mjini, nitakitaja baadaye.

Tuanze kwa kutenganisha aina mbili, kwa sababu kinachofaa kwa moja ni kosa kwa nyingine. Kuna kitabu cha kumwongoza msafiri, chenye ratiba, nauli, mahali pa kulala na namna ya kukata tiketi. Na kuna simulizi ya mtu aliyesafiri akaandika aliyoyaona. Cha aina ya kwanza kisiporekebishwa kinapotosha. Reli ya Siberia, yenye urefu wa kilometa 9,289 kutoka Moscow hadi Vladivostok, inatoa mfano mzuri. Kwa miaka mingi ratiba za treni za Urusi ziliandikwa kwa saa za Moscow nchi nzima, hata Vladivostok ambako saa ziko mbele kwa saa saba. Agosti 2018 utaratibu huo ukabadilishwa, ratiba na tiketi zikaanza kuonyesha saa za mahali husika. Toleo la kabla ya hapo linamfundisha msafiri kujumlisha na kutoa, na akiitii hesabu hiyo leo atafika stesheni treni ikiwa imeshaondoka. Kisha mwaka 2020, kwa sababu ya korona, treni za abiria kati ya Moscow na Beijing zikasimama, na sura ambayo kwa wasomaji wengi ndiyo iliyowafanya wanunue kitabu ikabaki bila safari ya kuieleza.

Hapa kwetu mambo ni hayo hayo. Kitabu cha wageni kilichochapishwa kabla ya Julai 2024 kinamweleza msomaji kwamba kwa nchi kavu mtu anatoka Dar es Salaam kuja Dodoma kwa gari, au kwa treni ya reli ya zamani yenye upana wa mita moja. Treni ya umeme ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, ilipoanza kuleta abiria Dodoma tarehe 25 Julai 2024, ikitembea hadi kilometa 160 kwa saa, maelezo ya namna hiyo yalipitwa na wakati kwa siku moja. Toleo litakalotoka sasa bila kuigusa sura ya Dodoma litakuwa toleo la zamani lenye mwaka mpya kwenye ukurasa wa haki miliki.

Simulizi ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo ninapotaka tukae zaidi. Paul Theroux alisafiri kwa treni kutoka London kupitia Asia hadi Japani, akarudi kwa Reli ya Siberia, na mwaka 1975 akachapisha The Great Railway Bazaar. Miongo mitatu baadaye hakukifungua kitabu kile ili akibadilishe kifanane na dunia mpya. Aliifuata tena njia ile kadiri mipaka na vita vilivyomruhusu, akaandika kitabu kingine kilichotoka 2008. Naona huo ndio uungwana wa mwandishi wa safari. Aliyoyaona mwaka 1973 yabaki yalivyo, hata pale alipokosea. Mwandishi huyo amepita kwetu pia, kwa kuwa katika kitabu chake cha safari ya Cairo hadi Cape Town, kilichotoka 2002, alipanda treni Mwanza akaenda nayo hadi Dar es Salaam, na treni hiyo haina njia nyingine isipokuwa Tabora na Dodoma. Toleo jipya la kitabu hicho likiwa na dibaji ya kurasa chache inayomweleza msomaji kwamba njia aliyoieleza imepata reli ya pili kuanzia Dar es Salaam hadi hapa, mimi nitalinunua. Likiwa na jalada jipya tu, nitaendelea na nakala yangu iliyochakaa.

Sasa tuwatazame wasafiri wa karne ya 19. Richard Burton na John Speke walipita Ugogo, nchi hii ya Wagogo, mwaka 1857, na kitabu cha Burton cha juzuu mbili kikatoka 1860. Henry Stanley alipita mwaka 1871 akienda Ujiji kumtafuta Livingstone, kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata. Hivi vyote vimeshatoka kwenye ulinzi wa haki miliki, kwa hiyo mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuvitoa upya, na wengi wamefanya hivyo. Niliagiza kimoja kwa njia ya mtandao. Ramani kubwa ya kukunjwa, ambayo ndiyo niliyokuwa nikiitafuta, ilikuwa imepigwa picha ikiwa bado imekunjwa, kwa hiyo nilipata mstatili mmoja wenye kipande cha pwani. Majina ya vijiji yalisomwa na mashine, ambayo haijui Kigogo wala Kinyamwezi, na ilipoona herufi isiyoielewa iliweka alama yoyote iliyokuwa karibu.

Mkazi wa Dodoma akivifungua vitabu hivyo kuutafuta mji wake hataupata, na hakuna tanbihi ya kumweleza sababu. Njia ya misafara ilitoka Mpwapwa, ikavuka nyika isiyo na maji iliyoitwa Marenga Mkali, ikaingia Ugogo kwa upande wa Mvumi, kusini-mashariki ya hapa tulipo. Mji wetu ni mtoto wa reli, ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Msomaji aliyeketi Area C au Chang'ombe hapa mjini anahitaji mtu amwonyeshe kwenye ramani mahali ambapo Stanley alibishania hongo, yaani ushuru waliotozwa wapita njia, na umbali wa mahali hapo kutoka alipo yeye. Ni kazi ya siku chache kwa mhariri anayeijua nchi. Kwa asiyeijua, haifanyiki kabisa.

Nimefika kwenye kitabu nilichoahidi. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha huko Göttingen kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Ndani yake wanaosimulia ni Waswahili wenyewe, kwa Kiswahili. Selemani bin Mwenye Chande anaeleza safari yake ya biashara kutoka pwani kwenda bara. Salim bin Abakari, Mngazija aliyekuwa akimtumikia Mjerumani Theodor Bumiller, anaeleza safari ya mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia. Fikirini jambo hilo: Reli ya Siberia ilianza kujengwa 1891 na haikukamilika yote ndani ya ardhi ya Urusi hadi 1916, kwa hiyo tunaye mwandishi wa Kiswahili aliyeiandika Siberia wakati reli yake bado inatandazwa, na sisi tunasubiri Waingereza watutolee upya vitabu vyao kuhusu njia hiyo. Sehemu ya maandishi haya ilichapishwa tena 1965 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Lyndon Harries, lakini ile ilikuwa kwa ajili ya wanafunzi wa lugha. Ninachokitaka ni toleo la msomaji wa kawaida: tahajia ya leo, ramani inayosomeka, tanbihi chini ya ukurasa, bei ya mtu anayesubiri treni.

Karibuni.

Mchangiaji wa Manyoni

Ndugu mleta uzi, nakuunga mkono kuhusu ramani, ila nakuomba usiishie Mvumi. Misafara ikitoka Ugogo kwenda Unyamwezi ilipita kwenye pori ambalo wasafiri wote wa wakati ule waliliandika kwa hofu, Mgunda Mkali, na pori hilo ni huku kwetu, Manyoni na Itigi, penye vile vichaka vizito ambavyo wataalamu wa mimea wanavijua kwa jina la Itigi. Ramani ya toleo jipya iwe na mistari mitatu juu ya karatasi moja: njia ya misafara, reli ya Wajerumani, na SGR ambayo sasa inaelekea Makutupora na kuendelea magharibi. Msomaji ataona mwenyewe kwamba mistari hiyo inakaribiana na kuachana kwa sababu ya jambo moja kubwa, nalo ni maji. Msafara uliandamana na visima na mabwawa. Injini ya mvuke nayo ilikuwa na kiu, na kuvuka nchi kavu kama hii bila mahali pa kujaza tangi hakuwezekani. Treni ya umeme haiulizi maji, na ndiyo maana abiria wake anaweza kuivuka Ugogo bila kujua kwamba kwa mamia ya miaka shida ya kila aliyepita hapa ilikuwa hiyo.

Na tanbihi isisahau kipando cha Saranda. Ukitoka Dodoma kwa reli ya zamani unapita Bahi, unashuka kwenye tambarare inayojaa maji wakati wa masika, unafika Kintinku, kisha treni inaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kabla ya kufika Saranda na Manyoni. Mgeni anayesoma kuhusu Bonde la Ufa katika vitabu vya Kenya anadhani ni jambo la Naivasha tu.

Mstaafu wa reli (Kilosa, sasa Dodoma)

Vijana wangu, nimesoma kwa makini na nimefurahi kuona kwamba kuna watu bado wanajali mambo haya. Nitasema machache.

Mmezungumza kuhusu njia ya misafara kwenda Mvumi, lakini mmeiruka sehemu ambayo kwetu watu wa njia ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni kutoka Kilosa kupanda hadi Kidete, Godegode na Gulwe. Burton na Stanley waliufuata mto wa bonde hilo, na katika vitabu vyao wanauandika Mukondokwa. Sisi tunauita Mkondoa. Wajerumani walipokuja na reli nao waliufuata, kwa sababu bonde la mto ndilo mlango pekee wa kupandia kutoka nchi ya chini bila kutoboa mlima. Gharama yake tumeilipa sisi wa ukarabati. Mvua kubwa ikinyesha Dodoma na Mpwapwa, maji yote yanateremkia bonde lile, yanakula tuta, yanaondoka na kalvati, na reli inabaki imening'inia hewani. Mafuriko ya mwisho wa 2009 yalisimamisha safari za treni kwa muda mrefu. SGR imekwenda kwa mahandaki na madaraja marefu ili isiufuate mto kwa utii namna ile. Kitabu kipya cha safari ya reli kikieleza jambo hili kwa ukurasa mmoja tu, abiria akiingia kwenye giza la handaki karibu na Kilosa atajua limechimbwa kwa nini.

Jambo la pili nalisema kwa heshima. Vitabu vya safari za treni vinapenda sana mandhari, chai ya kwenye behewa na urafiki wa abiria. Sivikatazi. Lakini atakayeandika au kuhariri kitabu cha Reli ya Kati asipite Igandu kama anavyopita stesheni nyingine. Tarehe 24 Juni 2002, kati ya Igandu na Msagali, treni ya abiria iliyokuwa inapanda ilirudi nyuma kwenye mteremko na kugonga treni ya mizigo, watu 281 wakapoteza maisha. Iandikwe kwa sentensi mbili tatu, bila kupamba, na tarehe iwe sahihi.

Mleta uzi (Dodoma)

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana. Hoja ya Mkondoa inathibitisha kile nilichokuwa nakihangaikia: vitabu viwili vya karne ya 19, tuta la Wajerumani na mahandaki ya juzi vinakutana katika bonde moja, na hakuna toleo nililoliona linalomwambia msomaji kwamba Mukondokwa ni Mkondoa. Msomaji wa Kilosa anaweza kusoma sura nzima kuhusu mto uliopita nyuma ya nyumba yao bila kujua kuwa ndio huo. Kuhusu Igandu, nakubali neno kwa neno.

Mwalimu wa sekondari (Mpwapwa)

Mimi nina shaka na uungwana huu wa kuacha maandishi yalivyo. Burton aliwaandika Waafrika kwa dharau ambayo sitaki kuirudia hapa, na Stanley hakuwa nyuma. Wanafunzi wangu ni watoto wa Kigogo. Nikiwapa kitabu ambacho babu zao wanatukanwa ukurasa baada ya ukurasa, tanbihi yenye herufi ndogo chini haiwezi kushindana na tusi lililo juu kwa herufi kubwa. Kwa nini toleo la shule lisifupishwe, likabaki na njia, masoko, mazao, hongo na hali ya hewa, na matusi yakaondolewa? Vitabu vingi vya zamani vimefupishwa kwa ajili ya shule na hakuna aliyekufa.

Mleta uzi (Dodoma)

Mwalimu, hoja yako ni nzito na sitaipuuza. Kwa toleo la shule nakubali kufupisha, kwa sharti kwamba jalada lenyewe liseme wazi kuwa kitabu kimefupishwa na dibaji ieleze ni mambo ya aina gani yameondolewa. Ninachokihofia ni kitabu kilichosafishwa kimya kimya. Mwanafunzi atakayekua akidhani kwamba Burton alipita hapa kwa adabu atashindwa kuelewa kwa nini wazee wake walidai hongo kwa ukali, na kwa nini wageni waliofuata walikuja wakiwa wameshajiamulia sisi ni watu wa namna gani. Dharau ile ni sehemu ya ushahidi.

Kuna kazi nyingine ya mhariri inayosaidia kuliko kukata, na hiyo ni faharasa. Katika matoleo mengi faharasa inawataja Wazungu kwa majina na wapagazi kwa wingi wao. Lakini majina yamo ndani ya maandishi. Sidi Mubarak Bombay aliwatumikia Burton na Speke, akawa na Stanley mwaka 1871, kisha akavuka bara lote pamoja na msafiri Mwingereza Cameron kati ya 1873 na 1875. Kwa maana hiyo mtu huyu ameiona njia ya Ugogo mara nyingi kuliko mabwana wake. Chuma na Susi ndio waliouongoza msafara uliobeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo. Faharasa inayomwezesha mwanafunzi wa Mpwapwa kumfuata Bombay kutoka kitabu hadi kitabu inampa msafiri mwingine wa kumtazama, bila kumficha yule wa kwanza.

Mwalimu wa sekondari (Mpwapwa)

Faharasa ya namna hiyo naikubali. Kuhusu matusi bado hatujakubaliana, lakini sharti la jalada ni la haki.

Mchangiaji wa Kondoa

Wakuu, uzi unasema reli na barabara, lakini barabara imesahaulika. Dodoma ni njia panda. Reli inakuja kutoka mashariki kwenda magharibi, na ile barabara kuu ya kale ya kutoka Cairo hadi Cape Town inaikata hapa kutoka kaskazini kwenda kusini, ikitoka Arusha na Babati, ikipita kwetu Kondoa, ikaendelea Mtera na Iringa. Lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018. Kabla ya hapo vitabu vya wasafiri wa magari viliieleza njia yetu kwa maonyo kuhusu mvua na makorongo, na vingi viliwashauri watu wapite Morogoro hata kama wanazunguka. Matokeo yake, michoro ya miambani ya Kolo, ambayo imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, ilipewa aya moja yenye onyo mwishoni. Leo onyo hilo halina kazi tena, na aya bado ni moja.

Mleta uzi umeitaja Route 66. Barabara ile iliondolewa rasmi kwenye orodha ya barabara kuu za Marekani mwaka 1985, na tangu hapo vitabu vyake ndivyo vilivyozidi kutolewa, kwa sababu msafiri anahitaji kuonyeshwa vipande vya njia ya zamani vilivyobaki pembeni ya barabara mpya. Hapo ndipo mhariri anapopata ujira wake. Kwetu nako vipo vipande vya barabara ya zamani vilivyoachwa pembeni lami iliponyooshwa, vyenye miembe na maduka yaliyobaki bila wateja, na baada ya miaka michache hakutakuwa na mtu wa kuvionyesha. Nani anaviandika?

Mfanyakazi wa kiwanda cha uchapaji (Dodoma)

Naongea kama mtu wa mashine, si wa fasihi. Ramani ya kukunjwa inaongeza gharama kwa sababu inakunjwa na kubandikwa kwa mkono, na ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti ikibana. Kama mnataka kitabu ambacho abiria atamudu, ichoreni ramani upya kwa rangi moja ili ienee kwenye kurasa mbili zinazotazamana, na majina yasiingie kwenye mshono katikati, kwa sababu yanamezwa. Hicho kipande cha Mkondoa na cha Saranda vipewe ramani ndogo za peke yake ndani ya sura. Tanbihi zikiwekwa chini ya ukurasa zinapendeza, ila mpangaji kurasa atawadai zaidi kuliko mkiziweka mwisho wa sura. Mimi ningelipa hiyo tofauti. Abiria hawezi kushika kidole mwisho wa sura huku ameshika mtoto na mfuko.

Swali langu: saa mtaziandikaje? Kitabu cha Kiswahili kikisema treni inaondoka saa 12, kuna msomaji ataelewa alfajiri na mwingine, akitazama tiketi iliyoandikwa kwa saa za simu, ataelewa mchana.

Mleta uzi (Dodoma)

Swali la saa ni zuri, na kwa kuwa tumewacheka wenye ratiba za Moscow hatuna budi kulijibu. Kwa simulizi za zamani saa zibaki kama msimulizi alivyozisema, kwa sababu Mswahili wa 1896 alihesabu saa kuanzia macheo. Kwa sehemu yoyote ya kumwongoza msafiri wa leo, iandikwe saa ya Kiswahili pamoja na wakati wake, mathalani saa 12:00 asubuhi, na pembeni yake namba ileile inayoonekana kwenye tiketi. Itachukua nafasi zaidi kwenye jedwali, lakini hakuna atakayeachwa na treni.

Ndugu wa Kondoa, nakubali kwamba barabara imekuwa ndogo katika hoja yangu. Ningependa uanzishe uzi wake, utaje vipande hivyo kimoja kimoja na vijiji vilivyo karibu, maana hilo si jambo la kutoa kitabu upya, ni la kuandika kwa mara ya kwanza.

Wawili wameniuliza faraghani kuhusu ruhusa na tahajia, nawajibu hapa ili wote wasome. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda mwandishi kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Tafsiri ya Kiingereza ya 1965 pamoja na maelezo yake tusiiguse bila idhini. Tunachokihitaji ni Kiswahili cha 1901. Kuhusu tahajia, Velten aliandika barra kwa r mbili, na Wasuaheli kama tulivyoona kwenye jina la kitabu. Ningeandika matini yote kwa tahajia ya sasa ili msomaji asijikwae, nikaacha ukurasa mmoja wa picha ya chapa ya kwanza mwanzoni mwa kila safari, na majina ya watu na mahali nikayaacha kama yalivyo ndani ya matini, na jina la leo likawekwa kwenye tanbihi pale tu tunapokuwa na hakika napo. Pale tusipokuwa na hakika, bora pabaki patupu kuliko kumpeleka msomaji kijiji kisichohusika.

Tuanze na safari ya Selemani bin Mwenye Chande, kwa sababu ndiyo inayotoka pwani kuja bara, na wachangiaji wa Kilosa, Mpwapwa, Dodoma na Manyoni mko hapa tayari kusahihisha majina. Mzee wetu wa reli nakuomba uichukue sehemu ya Kilosa hadi Gulwe. Mwenye nakala ya 1901 iliyo kamili, pamoja na ukurasa wa yaliyomo, aijulishe hapa kabla hatujaanza kuandika chochote, ili tusifanye kazi juu ya nakala iliyosomwa na mashine.